Mwalimu wa Upande wa Pili

Bernadina alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na minane, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sauti yake ni kali mno. Walimwambia kinyume chake. Wazazi wa Busindika, kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka misheni ya Ushirombo, walimsifu kwamba Mwalimu Bernadina akisema "kaeni", hata mbuzi walio nje ya darasa wanakaa. Kufikia Juni wengi wa watoto wake walikuwa wanasoma. Wasiosoma walichapwa, wakasemwa, wakahamishiwa nyuma. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo akiwa mdogo, na hakuona kasoro katika njia iliyomfikisha mahali alipo.

Mwaka 1978 shule ilifurika. Serikali ilikuwa imetaka kila mtoto aandikishwe, na Januari ile walikuja watoto mia na arobaini wa darasa la kwanza, wengine wakubwa kabisa, wachungaji wa ng'ombe ambao hawakuwahi kushika penseli. Mwalimu Mkuu Bujiku aliwagawa makundi mawili, A na B. Chumba kilikuwa kimoja tu, kirefu, kwa hiyo kikakatwa katikati kwa ukuta wa tofali mbichi. Tofali zilikwisha kabla ukuta haujafika juu, na nafasi iliyobaki, kama kimo cha mtoto, ikaachwa wazi mpaka kwenye bati.

Kundi A lilibaki kwa Bernadina. Kundi B alipewa Justa, binti wa miaka kumi na tisa aliyezaliwa Chato. Alikuwa mmoja wa wale waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa na mpango wa UPE, wa elimu ya msingi kwa wote, wafundishe huku wakijifunza ualimu kwa posta na kwa redio. Walimu wa zamani hawakuwaita walimu; waliwaita "wale vijana". Justa alikuja na sanduku la bati na viatu vya plastiki, na alipowaamkia walimu wenzake shikamoo, ilibidi Bernadina amwombe arudie, kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa ndogo.

"Na sauti hiyo utawasimamia watoto sabini?" alimwuliza.

Justa alijibu kwamba hajui, atajaribu.

Katika Kundi B aliwekwa pia Theopista, binti wa mwisho wa Bernadina, mwenye miaka minane. Theopista alikuwa na kigugumizi. Mwaka uliopita alikaa mwaka mzima darasani kwa mama yake asisome hata neno moja, ikabidi arudie. Bujiku alisema si vizuri mtoto afundishwe na mama yake mara mbili. Bernadina alikubali haraka. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa amechoka kuaibishwa na mtoto wake mwenyewe mbele ya watoto wa wengine.

Wiki za kwanza alisikiliza upande wa pili wa ukuta kwa kujifurahisha. Alitegemea makelele, na makelele yalikuwepo. Watoto wa Justa waliuliza maswali bila kunyoosha mkono, walicheka, waliimba silabi kwa sauti za kila aina. Kilichomshangaza ni kimya. Justa angeuliza swali, halafu kisisikike kitu. Hakuna fimbo kugonga meza, hakuna "haya, upesi". Kimya kilirefuka mpaka Bernadina akadhani binti ametoka nje. Siku moja alishindwa kuvumilia, akazunguka na kuchungulia dirishani.

Justa alikuwa amesimama mikono ameikunja mbele, anamtazama mtoto mmoja wa kiume aliyesimama karibu na ubao. Watoto wengine wote walikuwa wametulia, nao wanamtazama, kama watu wanaosubiri maji yachemke na hawana haraka. Yule mtoto alikuna kichwa, akatazama ubao, akatazama miguu yake. Mwishowe akasema, "Bu."

"Ndiyo," Justa alisema. "Ni bu." Alisema kama mtu aliyepewa habari njema na mkubwa wake.

Bernadina alirudi darasani kwake akihesabu. Dakika mbili nzima kwa silabi moja. Kwa mwendo huo, alijiambia, watoto wale watafika Desemba wakiwa bado kwenye bu.

Hawakuwa kwenye bu. Kufikia Aprili alikuwa anasikia maneno mazima yakivuka ukuta, na baada ya maneno, sentensi. Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa upande wake mwenyewe. Kicheko kilipozuka kule, vichwa vya watoto wake viligeuka kutazama ukutani, vyote kwa pamoja, kama mimea inavyogeukia jua. Aligonga meza kwa fimbo. Vichwa vilirudi, lakini aliziona nyuso zao. Miaka kumi na minane alikuwa ameziona nyuso za namna hiyo akizisoma kuwa ni heshima.

Kisha ikaja asubuhi aliposikia sauti anayoijua kuliko zote. "Ba-baba a-a-analima," ilisema, ikakwama. Kimya. Bernadina alikuwa anaandika ubaoni, chaki ilisimama. Alijikuta anabana meno, anaisukuma ile sauti kwa mwili wake wote, na palepale anatamani ishindwe. Haikushindwa. "Shamba," ilisema. "Ba-baba analima shamba." Watoto wa Kundi B walipiga makofi.

Mama mwingine angelia kwa furaha. Bernadina aligeuka akamwadhibu mtoto wa mbele kwa kosa ambalo baadaye hakuweza kulikumbuka.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu huko hapakuwa na ukuta. Mwalimu Justa amesema tunawe mikono. Mwalimu Justa anasukwa hivi. Mwalimu Justa kwao kuna ziwa, ukisimama huoni ng'ambo. Theopista, aliyekuwa akiishi kwa kutikisa kichwa na kuonyesha kwa kidole, sasa alisema, na kila alichosema kilikuwa na jina la mwanamke mwingine ndani yake. Clemens, mume wa Bernadina, fundi seremala wa misheni na mtu wa maneno machache, alifurahi mpaka akapendekeza wampelekee yule mwalimu kuku. Bernadina alisema kuku wote wanaatamia. Clemens alitazama uani, akaona kuku watatu wanaparua.

Aliposuka nywele za binti yake Jumapili ile, Theopista aliomba asukwe kama Mwalimu Justa. Bernadina alimsuka kama alivyomsuka siku zote, akivuta kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwezi Mei alikuja mkaguzi kutoka Kahama, Ndugu Athanas, kuuliza habari za vijana wa UPE. Alitaka taarifa ya maandishi kwa kila mmoja. Bujiku, aliyekuwa na kazi ya kupata madawati, matofali na chakula cha shule, alimpa Bernadina kazi hiyo. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa madarasa ya chini, na ukuta mmoja tu ndio uliomtenga na Justa.

Aliiandika taarifa mezani kwake nyumbani, kwa mwandiko wake mzuri. Aliandika kwamba watoto wa Ndugu Justa hawanyamazi wanaponyamazishwa. Kwamba anatumia muda mrefu kupita kiasi kwa mtoto mmoja huku wengine wamekaa. Kwamba hajawahi kuonekana akitoa adhabu, na watoto wanazungumza naye kama dada yao. Kwamba bado hajaiva. Aliisoma tena akatafuta uongo asiupate. Kila sentensi ilikuwa kweli. Hakuandika kwamba watoto wale wanasoma, kwa sababu, alijiambia, hakuulizwa hilo. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha haraka, kama mtu anayetoka kuiba.

Jibu lilifika mwishoni mwa Juni. Justa ahamishiwe shule nyingine, njia ya Masumbwe, chini ya mwalimu atakayemwangalia kwa karibu, na mafunzo yake yaongezwe mwaka mmoja. Hapakuwa na wa kuziba nafasi yake, kwa hiyo Kundi B lingegawanywa: nusu ingesoma mchana kwa Mwalimu Mkuu, na nusu iingie upande wa Bernadina.

Justa alikuja kumuaga. Hakujua nani aliandika nini. Taarifa zile zilikuwa za siri. Alisimama mlangoni na sanduku lake la bati, akamwambia asante kwa kumvumilia. Halafu akasita.

"Mwalimu, Theopista akikwama, usimpe neno. Analifikia mwenyewe."

Bernadina alisema sawa, safari njema. Ndani yake alikuwa anawaka. Alimzaa yeye, alimnyonyesha yeye, na sasa mtoto wa watu aliyekuja juzi na viatu vya plastiki anamwelekeza namna ya kuzungumza naye. Watoto walimsindikiza Justa mpaka barabarani. Theopista alikwenda nao, akarudi macho makavu, akakaa uvunguni mwa meza ya baba yake kati ya maranda ya mbao mpaka jioni.

Siku ya kwanza ya darasa jipya Bernadina aliamka mwepesi. Aliingia akawakuta watoto mia na wawili wamebanana chini, akasema "simameni", wakasimama. Akasema "kaeni", wakakaa. Upande wa pili wa ukuta hapakuwa na sauti yoyote kwa asubuhi yote. Alijisikia kama mtu aliyerudishiwa shamba lake.

Raha hiyo haikufika wiki mbili. Watoto waliotoka B walikuwa wamezoea kujibu, na mwanzoni walijibu, hata kabla ya kuulizwa. Aliwafundisha kunyoosha mkono. Kisha akawafundisha kwamba jibu la makosa lina fimbo moja. Mikono ikapungua, ikawa kumi, ikawa minne, mwishowe akiuliza swali alitazamwa na vichwa mia moja vilivyoinama. Alipandisha sauti. Kadiri alivyoipandisha ndivyo vichwa vilivyozidi kushuka, na ndivyo alivyozidi kumfikiria yule binti mwenye sauti ndogo. Alimchukia kwa kuondoka kama alivyomchukia kwa kuja.

Theopista aliacha kusoma, na nyumbani akaacha kuzungumza. Kila asubuhi aliumwa tumbo.

Siku moja mwezi Agosti Bernadina aliandika ubaoni sentensi ileile, Baba analima shamba, akamwita binti yake mbele. Aliichagua kusudi. Alitaka kuisikia upande huu wa ukuta, ikisemwa kwake. Theopista alisimama. Midomo yake ilikutana kwenye ile "ba", ikagandamana, ikatetemeka. Bernadina alihesabu mpaka tatu.

"Haya!" alisema.

Mtoto aliruka kidogo. Midomo ikafunga kabisa. Bernadina alipiga hatua mbele, na hapo, katika kimya cha darasa zima, kitoto kimoja cha kike kilichokaa karibu na mlango, Esta, kilisema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, msubiri. Atasema."

Hakikuwa kiburi. Kilisema kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia. Kule kwao B ndivyo ilivyokuwa: mtu akikwama, anasubiriwa. Bernadina alimwita Esta akamchapa viboko vinne viganjani. Esta alilia bila sauti na kurudi mahali pake akipuliza mikono. Hakuna mtoto mwingine aliyemtazama mwalimu siku ile mpaka kengele.

Jioni Theopista hakula. Bernadina alikaa naye jikoni. Clemens alikuwa nje ananoa patasi, na sauti ya jiwe ilikuwa inakwenda na kurudi. Bernadina alimwuliza kwa nini kwa Mwalimu Justa alisoma na kwa mama yake hasomi. Alijitahidi kuuliza polepole. Mtoto alichora majivuni kwa kijiti kwa muda mrefu. Mama alitaka kusema jambo, akajizuia, kwa sababu tu alikuwa amechoka.

"Ma-mayu," Theopista alisema, akimwita mama kwa neno la nyumbani kwa bibi yake. "We-wewe ukiuliza, unakuwa umeshakasirika."

Nje jiwe la Clemens lilinyamaza, kisha likaendelea.

Jumamosi Bernadina alipanda lori la pamba mpaka Masumbwe, akatembea kipande kilichobaki. Alimkuta Justa anafua uani mwa nyumba aliyopanga, sabuni imeisha, anasugua kwa majani. Justa alifurahi kumwona kwa namna iliyomfanya Bernadina atamani kurudi alikotoka. Aliketishwa kwenye kigoda, akaletewa maji. Hakuyanywa.

"Taarifa ile niliiandika mimi," alisema.

Justa alikaa kimya, na kwa mara ya kwanza Bernadina akawa yeye ndiye mtoto aliyesimama mbele, akiwa chini ya kile kimya. Kilikuwa kirefu, na hakikuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Nilikosea nini, mwalimu?" Justa aliuliza mwishowe.

"Hukukosea. Nilikuonea wivu. Mwanangu alikusomea wewe."

Justa alikamua gauni alilokuwa anafua, akalianika, akarudi. Alisema amelia sana mwezi ule wa kwanza, akidhani kweli hafai. Alisema hilo tu kuhusu taarifa. Bernadina alimwambia ataandika nyingine. Halafu akamwuliza kile kilichomtoa Busindika hasa, ingawa mpaka wakati ule alikuwa akijidanganya kwamba ni kuungama tu. Alimwuliza anafanyaje. Alitegemea kutajiwa mbinu kutoka kwenye vile vitabu vya posta.

Justa alicheka kwa aibu. "Mimi sikusoma sana. Nikiuliza swali, na mimi bado nalifikiria jibu. Sasa nitamkasirikiaje? Tunafikiri pamoja."

Bernadina alirudi njia nzima akiwa amesimama nyuma ya lori tupu, ameshika mbao, vumbi likimjaa machoni. Mbinu angejifunza. Kutojua hakuweza kujifunza tena; alikuwa amejua majibu yote ya darasa la kwanza kwa miaka kumi na minane. Wivu haukumtoka njiani. Ulibadilika tu ukawa na aibu pembeni yake.

Jumatatu alimwambia Bujiku, na akaandika barua ya pili kwa mkaguzi, fupi kuliko ya kwanza. Bujiku alikasirika hasira ya mtu anayesimamia vipindi viwili kwa siku kwa sababu ya mwenzake. Alimwondoa kwenye uongozi wa madarasa ya chini, na habari ikaenea kijijini, maana hakuna siri kwenye shule ya walimu watano. Wapo wazazi walioacha kumwamkia. Mama yake Esta alimpita kisimani kama jiti. Kahama ilijibu baada ya miezi miwili: mwaka ule wa nyongeza umefutwa, lakini Justa mwenyewe ameomba abaki alipo, ameshawazoea watoto wa huko. Bernadina alipoisoma barua hiyo alipata nafuu, kisha akaionea aibu nafuu yake.

Darasani alianza vibaya. Fimbo aliiacha nyumbani, lakini sauti alikuja nayo. Aliuliza swali, akakunja mikono, akasubiri, na watoto wakaona ni mtego, wakainama zaidi. Siku ya tatu alimwita Esta akamwambia mbele ya wote kwamba alilolisema siku ile lilikuwa kweli, na hakustahili kuchapwa. Esta hakujua afanye nini na maneno kama hayo kutoka kwa mtu mzima. Alisema "ndiyo, mwalimu" na kukimbilia mahali pake. Zilipita wiki kabla mkono wa kwanza haujanyooshwa, na haukuwa wa Esta. Siku nyingine Bernadina alisahau, akapaza sauti, na kazi ya wiki nzima ikaanguka chini ikabidi aianze upya. Watoto walimsamehe kwa mwendo wao wenyewe. Kufikia Novemba walikuwa wamebaki nyuma ya watoto wa miaka yake mingine yote, na darasa lilikuwa na makelele.

Mwishoni mwa mwezi huo ilifika barua shuleni, bahasha imeandikwa jina la Theopista. Hakuwahi kupata barua maishani. Aliileta nyumbani ameikumbatia kifuani, akamketisha baba yake upande mmoja na mama yake upande wa pili, akasema atasoma yeye.

Alisoma kwa kidole. Mwalimu Justa alisema hajambo. Alisema mvua imenyesha, na watoto wa kule wanajua kuruka kamba kuliko wa Busindika. Theopista alicheka, akabisha, akaendelea. Kisha kidole kikasimama.

"Mwa-mwanangu Theopista," alisoma, "na... na..."

Bernadina aliliona neno juu ya bega la mtoto. Nakukumbuka. Lilikuwa limeandikwa wazi, na kabla yake lile lingine, mwanangu, lililomchoma kama mwiba chini ya ukucha. Angeweza kulisema lile neno refu kwa mkato wakapita, barua ikaisha, ikatiwa sandukuni. Clemens alimtazama juu ya kichwa cha mtoto.

Alikunja mikono yake mapajani. Moto ulitoa cheche. Midomo ya binti yake ilifunguka ikafunga, bila woga wowote, kama mtu anayetafuta njia gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe, na Bernadina akasubiri, wivu wake umekaa naye pale kwenye mkeka, mpaka mtoto alipolifikia.